Maji ya Karanga

Jumatatu. Nyumbani hadi Kambi ya Machame

Niliamka saa 10 na nusu alfajiri, mama alikuwa ameshaamka. Nilisikia jembe lake likigonga jiwe kule chini ya migomba. Ilikuwa zamu yetu ya maji. Kwetu Machame, chini ya Mlima Kilimanjaro, maji ya mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia, hushuka kutoka msituni, yanapita kihamba hadi kihamba, shamba la nyumbani hadi lingine, na kila nyumba ina saa zake. Ukilala, zamu imepita na maji yamekwenda kwa jirani. Mama ana miaka 76, na tangu nipate akili sijamwona akifungua tope la mfongo kabla hajainamisha kichwa. Sala yake kwa Ruwa, ndiye Mungu kwa Kichaga, ni fupi: "Ruwa, haya ni yako. Tupe ya leo." Kisha anaingiza jembe.

Kwa miaka mingi niliona ile ni desturi ya wazee tu. Mimi nilikuwa mtu wa sala za hatari. Nimefanya kazi mlimani zaidi ya miaka 20, kwanza mpagazi, sasa mpishi, na zamani Mungu alinisikia pale tu radi ilipopiga juu ya hema au mgeni alipozimia. Siku za kawaida nilijiendesha mwenyewe. Ilikuja kubadilika mwaka 2020, ndege za watalii ziliposimama na sisi wote wa mlimani tukarudi vihambani. Hapakuwa na radi mwaka ule. Palikuwa na asubuhi, moja baada ya nyingine, na kila asubuhi ilikuja na swali lile lile la unga. Nikaanza kusimama kando ya mfongo na mama, kwa kuwa sala za hatari hazikunitosha tena.

Safari hii nimetoka na mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa. Ana miaka 19, na ndiyo mara yake ya kwanza kubeba. Dada alitusindikiza hadi barabarani.

"Kaka, nakukabidhi mtoto."

"Tunamkabidhi Mungu, dada."

"Mungu nilishamkabidhi tangu kliniki. Sasa nakukabidhi wewe."

Getini palikuwa na kawaida yake: mizani, kelele, na vijana waliosimama nje ya lango tangu usiku wakingoja msafara ulio na pungufu uwaite. Mzigo wa mpwa ukasoma kilo 19 na nusu, mwisho ni 20. Tulitembea msituni chini ya manyunyu, na kambini nilipika supu ya karoti na tangawizi. Wageni wetu ni 4, watu wa kazi tuko 17.

Jumanne. Shira

Leo tumetoka msituni na kuingia kwenye vichaka, halafu kwenye mawe. Shira iko meta 3,800 na kitu. Jioni mawingu yalishuka chini yetu na Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, ikasimama wazi, nyeupe kwenye kingo, karibu kama ukuta wa jirani.

Nikikaa mahali hapa humkumbuka Johannes Rebmann, yule mmisionari aliyeiona theluji hii tarehe 11 Mei 1848 na wasomi wa Ulaya wakakataa kumwamini. Wengi wanajua hiyo habari ya theluji. Kinachonigusa mimi ni alichofanya alipoketi kupumzika siku ile. Alifungua Zaburi ya 111, na aliandika sababu: ndiyo iliyokuwa imefikiwa katika usomaji wake wa kila siku. Hakutafuta zaburi ya kulingana na mlima. Alisoma ya zamu, na ya zamu ikamtosha. Ndani ya zaburi hiyo hiyo pana mstari usemao kwamba Mungu huwapa chakula wamchao, na mimi mpishi siwezi kuupita mstari huo haraka.

Kwenye hema la jiko tunalala watu 6. Mmoja wetu ni mzee wa Kondoa, tunamwita Ustadh, amebeba mlimani kuliko sisi wote. Alfajiri hutoka nje na baridi yake, akatayamamu kwa vumbi la mlima maana maji ya ndoo yana ganda la barafu, akaswali nyuma ya jiwe kubwa. Mimi huwasha jiko na kuomba nikiwa nimeshika kiberiti. Leo mpwa alimuuliza kama huwa anaomba wasiugue. Ustadh akamjibu kwamba Mtume aliulizwa na mtu mwenye ngamia: nimfunge au nimwache nimtegemee Mungu? Akaambiwa amfunge, kisha ategemee. "Sasa wewe funga kamba za viatu vizuri," akamwambia, "halafu ndiyo useme bismillahi au jina la Yesu."

Jumatano. Barranco

Wageni walipandishwa hadi Lava Tower, meta 4,600, wale chakula cha mchana huko kisha washuke walale chini, ili mwili uzoee. Sisi wa mizigo tulipita njia ya chini. Mvua ya mawe ilitukuta kabla ya bonde, mawe madogo kama choroko yakiruka juu ya mabegi. Barranco ni pazuri mno. Ile miti minene ya senesio imesimama bondeni kama watu wanaongoja kitu.

Naandika hili kwa sababu lazima niliandike. Mpwa alifika kambini na kikohozi kikavu. Alikula nusu sahani ya ugali na dagaa, akasema ameshiba. Nilimtazama, nikaona, nikaendelea kumenya viazi. Usiku nilimwombea kwa jina, kwa upendo wote, na sikumwuliza hata swali moja. Wageni hupimwa kidole kila jioni, oksijeni ngapi, mapigo mangapi, kichwa kinauma au hakiumi. Sisi watu wa mizigo, wagumu kama tunavyoitwa, tunaulizwa, "Vipi, poa?" na sote tunajibu poa, maana anayeteremshwa leo anaogopa hatachukuliwa kesho. Nalijua hilo kwa miaka 20. Nililijua usiku ule pia.

Alhamisi. Karanga

Ukuta wa Barranco asubuhi, zaidi ya meta 200 za kupanda kwa mikono na miguu. Pale kwenye jiwe la kubusu, unapolikumbatia jabali na mzigo uko kichwani na nyuma yako ni hewa tupu, nilisikia wenzangu wakinong'ona kila mtu kwa dini yake. Kila mtu huomba pale. Nilitamani tungekuwa hivyo hata kwenye tambarare.

Tulifika kambi ya Karanga mapema. Mpwa alisema kichwa kiko sawa.

Ijumaa. Barafu

Kambi ya Barafu haina maji. Jina linadanganya. Kijito cha mwisho ni kile cha bonde la Karanga, na kila tone la chai litakalonyweka Barafu, meta 4,673, limepanda kichwani mwa mtu. Tunafikisha mizigo juu, tunahema kidogo, kisha baadhi yetu tunarudi Karanga na madumu.

Kazi hii naipenda, pamoja na uchungu wake. Huwezi kuchota ya wiki. Unachota ya usiku mmoja na asubuhi moja, kwa sababu mgongo una mwisho, na hata ukizidisha, yanaganda kwenye dumu yakawa jiwe. Wana wa Israeli waliookota mana na kuificha hadi kesho waliikuta ina funza. Ningeweza kumwonyesha mtu fundisho hilo kwa dumu la lita 20. Nilipoinama kijitoni nilisema ya mama: tupe ya leo. Maji yalikuwa baridi hadi mifupa ya vidole ikauma, na safi, unaona kila changarawe chini.

Tulihitaji madumu 9. Wabebaji wa maji walikuwa 8. Mpwa akasema, "Mjomba, nitarudi mara ya pili." Nikasema sawa. Nilimwona akiondoka na dumu tupu, akaketi kwenye jiwe baada ya hatua kama 30, akainuka akaendelea. Nikajiambia ni ujana, amejikaza.

Alirudi saa 11 jioni. Midomo yake ilikuwa na rangi ya zambarau, na kule juu midomo ya wengi huwa hivyo kwa baridi. Nilimpa chai. Nikarudi kwenye wali wangu. Kule maji huchemka yakiwa kwenye nyuzi 85 hivi, kwa hiyo wali unakudai muda mara mbili na huwezi kuuacha. Saa 6 usiku wageni waliondoka na waongozaji wote watatu, taa za vichwani zikipanda mlima kwa mstari mmoja. Chupa yetu ya oksijeni ilikwenda nao, kama inavyotakiwa.

Usiku wa kuamkia Jumamosi

Kilichoniamsha ni sauti ya sufuria inayochemka. Nilidhani nimesahau jiko. Niliketi, nikapapasa, jiko lilikuwa baridi. Sauti ilitoka kwenye kifua cha mpwa wangu.

Nilimmulika. Alikuwa ameketi, ameegemea begi la unga, macho wazi, hawezi kulala chali kwa kukosa pumzi. Kwenye kitambaa alichokoholea palikuwa na povu lenye rangi ya waridi. Nilijua ni nini. Kwenye urefu ule mishipa ya mapafu hubana, presha yake hupanda, na majimaji yakavuja kuingia mahali pa hewa. Mtu anazama akiwa kwenye nchi kavu, na wala haihitaji uwe mgonjwa au dhaifu. Huwapata hata vijana wenye nguvu kama fahali.

Nilitaka kuomba sala kubwa. Nilitafuta maneno ya usiku kama huo, yale niliyokuwa nayo zamani, ya kulia na kuahidi na kuweka nadhiri, na sikuyapata. Kilichotoka mdomoni kilikuwa cha mfongoni, kwa maneno yale yale na kwa sauti ile ile ya kuongea na mtu aliye karibu: "Ruwa, huyu ni wako. Tupe ya leo." Kisha mikono ikaanza kazi bila kungoja, kama jembe la mama.

Wenzangu waliamka. Mmoja akasema tungoje waongozaji warudi kukicha, sisi si watu wa kuamua. Alikuwa na hoja, tungepoteza kazi. Ustadh alikuwa tayari anafunga viatu. Hakubishana naye. Alisema, "Ngamia bado hajafungwa," akatoka kwenda kwenye kibanda cha askari wa hifadhi.

Askari alikuja na machela, na nyuma yake mwongozaji msaidizi wa msafara mwingine aliyebaki kambini na mgeni mwenye tumbo. Sikumjua kijana huyo. Alimvalisha mpwa kipimo cha kidole: 54. Mtu asiye mgonjwa kwa kambi ile huwa kwenye 80 au pungufu kidogo. Alimpa kidonge, akafungua chupa yake mwenyewe ya oksijeni, akamvalisha barakoa, akaniambia tuna saa tatu za hewa tukiipunguza, na dawa ni moja tu: kushuka sasa hivi.

Tukaondoka saa 8 usiku, watu 6, njia ya Mweka. Palikuwa na upepo na nyota. Sehemu ya juu ni miamba iliyolala kama vigae, na machela ya gurudumu moja haipiti vizuri pale. Tulimwinua, tukamshusha, tukamwinua. Nilikuwa upande wa kichwa. Kila hatua nilisikia ile sufuria.

Sijui niandikeje sehemu hii ili isionekane kama mahubiri. Sikuomba apone. Nilishindwa kufika mbali hivyo. Niliomba hadi kwenye jiwe jeupe, tukafika. Nikaomba hadi kwenye kona. Nikaomba goti langu la kushoto lisikatae. Miaka 5 ya kuomba unga, kuni kavu, nauli, mvua isinyeshe kahawa ikiwa uani, ilikuwa imenifundisha kukata siku vipande vinavyobebeka, na usiku ule nilivihitaji vyote. Pale pale kwenye giza nilielewa kwamba sikuwa nimeita mgeni. Nilikuwa naendeleza mazungumzo.

Na niseme lingine, maana nisiposema nitakuwa nimedanganya. Mwaka fulani niliwahi kushiriki kushusha mwili wa mwenzetu kwenye njia hii hii. Naye aliombewa, na mke wake ni mwombaji kuliko mimi. Kwa hiyo sikushuka nikiwa na uhakika wa jinsi ambavyo ingekwisha. Nilishuka nikiwa na uhakika wa nani yuko nasi, na nakiri kwamba kuna hatua nyingi ambazo hata huo ulikuwa mwembamba kama uzi.

Karibu na saa 10 alinishika mkono. "Mjomba, usimwambie mama kwamba nilirudi mara mbili."

"Nitamwambia mimi ndiye niliyekuruhusu."

Tulifika kambi ya Millennium, meta 3,820, kabla ya saa 11. Chupa ilikuwa inaishia. Tulimweka chini, tukavua barakoa kwa dakika chache kupima: 71. Dakika 20 baadaye, 76. Ile sauti ya kuchemka ilikuwa imeshuka, bado ipo lakini mbali, kama jiko la nyumba ya pili. Ustadh alitazama mashariki, akatafuta kibla, akaswali. Mimi niliketi na kichwa cha mpwa mapajani, nikaona jua likitoka nyuma ya kilele cha Mawenzi, na sikusema lolote.

Jumamosi. Mweka hadi hospitali

Mchana tulipita kambi ya Mweka, kisha msituni. Gari la hifadhi lilitupokea pale barabara inapoanza. Kufika hospitali Moshi mpwa alikuwa anakaa mwenyewe na anadai chakula. Daktari alisikiliza mapafu, akasema mlimshusha kwa wakati, akamwacha alale na oksijeni.

Dada alifika jioni. Nilimweleza yote, kikohozi cha Jumatano, ugali uliobaki, safari ya pili ya maji. Sikuacha kitu. Alinisikiliza akiwa amesimama, mikono kwenye kanga. Hakunipa pole wala hakunilaumu. Alikwenda akakaa kitandani na mwanawe, akaweka kiganja juu ya kifua chake, akakiacha pale muda mrefu, kikipanda na kushuka.

Nilitoka nje. Hapo ndipo nilipolia.

Jumapili. Moshi

Sikwenda ibadani. Nilikwenda getini Mweka kuwapokea wenzangu wakishuka na wageni. Walifika kileleni watatu kati ya wanne. Kiongozi mkuu wa msafara alinisikiliza hadi mwisho, akaniambia uamuzi ulikuwa sahihi. Nikamwomba jambo moja: kuanzia safari ijayo, kile kipimo cha kidole kipite kwa wagumu wote kila jioni, na mgumu atakayeteremshwa kwa ugonjwa alipwe siku zake zote. La kwanza alilikubali papo hapo. La pili alisema atalipeleka ofisini. Nitamkumbusha kila juma. Na kila juma, kabla ya kumkumbusha, nitaliweka mbele za Mungu pamoja na unga na nauli, kwa sababu nimeshaona ni la aina moja.

Nilimtafuta yule mwongozaji msaidizi aliyetupa chupa yake. Alikuwa ameshashuka na mgeni wake na kuondoka. Ustadh anasema atamwuliza kijiweni hadi ampate.

Jumatatu tena. Nyumbani

Zamu ya maji. Niliamka kabla ya mama, kwa mara ya kwanza nadhani. Giza lilikuwa bado, migomba inadondosha umande. Mpwa ameruhusiwa na amelala kwetu kwa siku chache, dada amelala karibu naye. Nilipita dirishani nikasimama kidogo kusikiliza anavyopumua. Hakuna sauti.

Mama alinikuta kwenye mfongo na jembe mkononi. "Unangoja nini? Maji yanapita."

"Nakungoja wewe useme."

"Kwani wewe huna mdomo?"

Nikainamisha kichwa.